Mtoto Ameandika 35: Nadharia za Ujifunzaji Mbele ya Daftari Lililo Wazi

Ndugu walimu, wakufunzi, na wazazi mlioacha shughuli zenu kuja kusikiliza,

Naomba tuanze na daftari. Mtoto wa miaka minane amepewa hesabu nne za kutoa, naye ameandika hivi:

64 − 21 = 43
52 − 27 = 35
83 − 46 = 43
71 − 38 = 47

Mwalimu amesahihisha. Vema moja, makosa matatu, "1/4" kwa wino mwekundu, na chini yake: "Ongeza bidii."

Sasa litazameni tena daftari hilo. Huyu mtoto hana upungufu wa bidii. Katika kila safu amechukua tarakimu kubwa akatoa ndogo, bila kujali ipi iko juu na ipi iko chini. Saba na mbili, imebaki tano. Sita na tatu, imebaki tatu. Nane na moja, saba. Ana kanuni, na anaifuata kwa uaminifu kuliko wengi wetu tunavyofuata maandalio yetu ya somo. Hata lile vema moja amelipata kwa kanuni hiyohiyo mbovu. Bahati yake tu ni kwamba katika 64 − 21 tarakimu kubwa zote ziko juu. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha kazi kuhusu programu ya kompyuta ya kuchambua makosa ya namna hii. Walionyesha kwamba makosa mengi yanayoonekana ya ovyo yana utaratibu ndani yake: mtoto anafuata kanuni isiyo sahihi, hatua kwa hatua, bila kuyumba.

Vyuoni nadharia za ujifunzaji hufundishwa kama orodha ya majina. Huyu alisema hivi, yule akasema vile, mtihani ukipita zinafungiwa kabatini. Leo nitaziita moja moja zije kulisoma daftari hili. Ile inayoweza kutuambia la kufanya kesho asubuhi na hiyo 35 tutaikalisha mbele. Isiyoweza, tutaisalimia na kupita.

Vema lililotolewa mahali pasipostahili

Watangulie watu wa tabia, yaani wanasaikolojia wanaoeleza ujifunzaji kwa matendo yanayoonekana na matokeo yake. Mwaka 1898 Edward Thorndike aliandika juu ya paka aliowafungia kwenye visanduku vyenye komeo, akipima muda waliotumia kutoka. Mwanzoni paka alikwaruza huku na huku hadi akagusa komeo kwa bahati. Kadiri alivyorudishwa ndani, ndivyo muda ulivyopungua. Thorndike akahitimisha kwamba tendo lenye matokeo ya kuridhisha hujikita, na lisilo nayo hufifia. B. F. Skinner alilichukua wazo hilo akalipeleka mbali zaidi, na mwaka 1954 alionyesha mashine ya kufundishia: mwanafunzi anajibu swali moja, anajua papo hapo kama amepata, ndipo anakwenda kwenye la pili.

Ni desturi siku hizi kumcheka Skinner. Lakini mleteni mbele ya daftari letu mwone anavyolisoma. La kwanza atakalouliza ni muda. Mtoto alifanya hesabu hizi lini, na akajua lini kwamba amekosa? Kama alipewa ishirini Jumatatu na daftari likarudi Alhamisi, basi ameifanyia mazoezi kanuni mbovu kwa saa nzima bila mtu kumzuia, kisha akalala nayo siku tatu. Mazoezi hukomaza chochote kinachofanyiwa mazoezi, kiwe sahihi kisiwe sahihi. Dawa yake haihitaji mashine: andika hesabu tatu za kwanza, waambie wasimame hapo, pita kati ya madawati uangalie safu moja tu, ile ya mamoja. Aliyepata aendelee. Aliyekosa asiendelee na hata moja zaidi. Ukiwa na watoto wengi, andika jibu la hesabu ya tatu nyuma ya ubao au kwenye karatasi iliyokunjwa, kila kundi lijikague lenyewe.

La pili ni zito zaidi, na sijaona likizungumzwa vya kutosha katika mafunzo yetu. Skinner na wenzake waligundua kwamba tendo linalotuzwa mara moja moja, bila mpangilio unaotabirika, huchukua muda mrefu kufutika kuliko lile linalotuzwa kila mara. Sasa fikirini zoezi lenye hesabu kumi, nne zikiwa za aina ya 64 − 21 na sita za aina ya 52 − 27. Mtoto mwenye kanuni mbovu anapata vema nne. Kanuni yake imetuzwa mara nne kati ya kumi, hapa na pale, na ndivyo hasa tabia sugu inavyojengwa. Wiki nzima iliyotangulia, tulipomfundisha kutoa kusikohitaji kuchukua kumi, tulimpa vema kila mara. Kanuni ya "toa ndogo kwenye kubwa" hakuizua hewani. Sisi tuliisema kwa midomo yetu, kisha tukaiwekea vema.

Kwa hiyo tangu somo la kwanza kabisa la kutoa kwa tarakimu mbili, weka hesabu moja ambayo haitoki kwa njia rahisi, hata kama hutaifanya siku hiyo. Waulize tu: je, hii inafanana na zile? Kuna nini hapa chini? Akili ya mtoto ijue mapema kwamba juu na chini vina maana.

Kuhusu zawadi nitasema kidogo. Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha mwaka 1973 jaribio lililofanywa kwa watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora. Waliokuwa wameahidiwa cheti kwa kuchora, baadaye walipoachwa huru, walichora kwa karibu nusu tu ya muda waliotumia wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Waliopewa cheti bila kukitarajia hawakupungukiwa na hamu. Peremende na nyota za karatasi ziwekwe kwa ajili ya kazi ambayo mtoto haitaki kabisa kuianza, ziondolewe mara anapoizoea. Anayesoma kwa hiari yake usimlipe.

Swali ambalo mtoto hujibu kwa kuangalia uso wako

Jean Piaget alizaliwa Uswisi mwaka 1896. Akiwa kijana alikwenda Paris kusaidia kazi ya kusanifisha maswali ya kupima akili za watoto. Kazi aliyopewa ilikuwa kuhesabu majibu sahihi; yeye akavutwa na yale yasiyo sahihi, kwa kuwa aliona watoto wa umri mmoja wanakosea kwa namna moja. Nadharia yake yote ilichipuka kutoka kwenye swali hilo: kwa nini wakosee hivyohivyo?

Hatua zake nne mnazijua: kuhisi na kutenda hadi miaka miwili; kisha fikra za kabla ya utendaji wa kimantiki hadi kama saba; mantiki ya vitu vinavyoshikika hadi kama kumi na moja; halafu fikra dhahania. Sitazirefusha. Miaka hiyo ni makadirio, na kosa kubwa linalofanywa kwa jina la Piaget ni kuigeuza kuwa dari: "Huyu ana miaka sita, hawezi." Mwaka 1974 James McGarrigle na Margaret Donaldson walirudia jaribio lake la safu mbili za vidude vyenye idadi sawa. Piaget alikuwa akitandaza safu moja mbele ya mtoto kisha akauliza kama bado ni sawa, na watoto wadogo wengi walisema ile ndefu imezidi. McGarrigle na Donaldson walimtumia mwanasesere dubu "mtundu" aliyetokeza na kuvuruga safu kana kwamba kwa bahati mbaya. Watoto waliojibu sahihi waliongezeka mno. Mtu mzima mwenye heshima zake akibadilisha kitu makusudi kisha akauliza, mtoto huona kwamba mabadiliko hayo ndiyo yanayoulizwa.

Mwaka huohuo Susan Rose na Marion Blank walionyesha jambo linalofanana nalo: mtoto akiulizwa swali mara moja tu, baada ya mabadiliko, hukosea kidogo kuliko anapoulizwa swali lilelile kabla na baada. Ukirudia swali, mtoto hufasiri kwamba jibu la kwanza halikukupendeza. Walimu, hili tunalifanya kila siku. Mtoto anasema "kumi na mbili", sisi tunasema "una uhakika?" kwa nyusi zilizopanda, naye anabadilisha. Tunadhani tumepima ufahamu wake wa hesabu, kumbe tumepima ufahamu wake wa nyusi zetu. Ukitaka kuuliza "umejuaje?", liulize kwa jibu sahihi na lisilo sahihi, kwa sauti ileile. Baada ya wiki mbili watoto wataacha kulisikia kama onyo.

Turudi kwenye 35. Piaget angeuliza: je, kwa mtoto huyu 52 ni nini? Ni mafungu matano ya kumi na vipande viwili, au ni tarakimu mbili zilizokaa jirani? Constance Kamii, aliyefuata nyayo za Piaget, alitumia kipimo kifupi kinachoweza kufanyika dakika mbili. Mpe mtoto vidude 16, ahesabu, aandike "16". Zungushia tarakimu 6 duara, mwambie akuonyeshe kwa vidude sehemu hiyo inamaanisha vingapi, atatenga sita. Kisha zungushia 1. Watoto wengi wa madarasa ya chini, hata wanaopata hesabu zao, hutenga kidude kimoja. Vidude tisa vinabaki pale mezani havina mwenyewe, na mtoto haoni tatizo. Akikufanyia hivyo, usimfundishe kuchukua kumi wiki hiyo. Utakuwa unamfundisha kuhamisha kitu asichojua kama kipo.

Piaget pia alisisitiza kwamba mtoto hubadilisha fikra zake pale zinapogongana na jambo asiloweza kulimeza. Kwa hesabu yetu mgongano ni rahisi kuutengeneza: mwambie ajumlishe 35 na 27. Atapata 62, na karatasi inasema 52. Mwache aikodolee macho. Lakini msiamini kwamba mgongano peke yake unatosha, maana mtoto ni fundi wa kupatanisha yasiyopatana. Stella Vosniadou na William Brewer waliwahoji watoto 60 kuhusu umbo la Dunia, wakachapisha matokeo mwaka 1992. Wapo waliokuwa wameambiwa kwamba Dunia ni mviringo nao macho yao yanaona tambarare; wakatunga Dunia ya mviringo kama kisahani, au mpira wenye uwazi ndani, watu wakiishi kwenye sakafu yake. Mtoto wetu naye anaweza kukuambia kwa utulivu kabisa kwamba kujumlisha kuna majibu yake na kutoa kuna yake. Hapo ndipo anapohitajika mtu wa pembeni.

Msaada unaopanda na kushuka

Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi, alizaliwa mwaka uleule wa 1896, akafariki 1934 kwa kifua kikuu akiwa na miaka 37. Alitoa mfano wa watoto wawili ambao kwa vipimo vya kawaida wako sawa, wote wanafanya peke yao kazi za mtoto wa miaka minane. Wakipewa msaada kidogo, mmoja anafikia kazi za miaka kumi na miwili, mwingine anaishia tisa. Je, wako sawa? Nafasi iliyo kati ya anachoweza peke yake na anachoweza akisaidiwa ndiyo aliyoita eneo la ukuaji wa karibu, na hapo ndipo mafundisho yana kazi. Chini yake unamchosha kwa anachokijua. Juu yake unaimba peke yako.

Vygotsky hakuacha maelekezo ya kutosha ya namna ya kusaidia. Hayo yalikuja na David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross mwaka 1976, walipochunguza jinsi mkufunzi anavyowasaidia watoto wa miaka mitatu hadi mitano kujenga piramidi ya vipande vya mbao. Wao ndio walioufananisha msaada huo na kiunzi cha mafundi ujenzi, kile kinachosimamishwa ukuta unapopanda na kubomolewa ukishasimama. Katika kazi zake Wood alitoa kanuni ambayo ningependa ibandikwe ukutani katika kila ofisi ya walimu: mtoto akishindwa, ongeza msaada hatua moja, akifaulu, punguza hatua moja.

Hatua zenyewe kwa 52 − 27 zinaweza kuwa hivi. Ya kwanza: "Endelea, unafanya nini sasa?" Ya pili: "Angalia mamoja. Una mangapi, unatakiwa utoe mangapi?" Ya tatu: unaonyesha kwa kidole fungu moja la kumi, husemi kitu. Ya nne: unalisogeza fungu karibu na vile viwili, tayari kufunguliwa. Ya tano: unafanya wewe, yeye anatazama, kisha anarudia kwa hesabu nyingine. Makosa ya kawaida ni mawili. Kuna mwalimu anayeanzia ya tano kwa kila mtoto kwa sababu muda hautoshi, na kuna anayekwama kwenye ya kwanza akirudia "jaribu tena, fikiri" mpaka mtoto analia. Wote wawili wanaamini wanamsaidia.

Kiunzi kisichobomolewa nacho ni tatizo. Mtoto anayeambiwa "chukua kumi" kila afikapo hapo atakusubiri useme. Ukitaka kujua kama ukuta unasimama, nyamaza. Mary Budd Rowe alipima ukimya wa walimu madarasani na kuandika mwaka 1974 kwamba baada ya kuuliza swali walisubiri kama sekunde moja tu kabla ya kusema tena. Waliofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi walipata majibu marefu zaidi, watoto wengi zaidi walijitokeza bila kutajwa, na majibu ya "sijui" yakapungua. Sekunde tatu ni ndefu kuliko mnavyodhani. Hesabuni kimyakimya mtaona zinavyouma.

Kazi ya vikundi, ambayo Vygotsky husingiziwa sana, haifanyi kitu kama watoto wanne wanamtazama mmoja akiandika. Mpe kila mmoja kazi isiyofanyika bila mwenzake: huyu anashika vijiti na hagusi kalamu, yule anaandika na hagusi vijiti, wa tatu anakagua kwa kujumlisha. Watatu wanatosha, wa nne hulala.

Vijiti, picha, tarakimu

Bruner huyohuyo, katika maandishi yake ya mwaka 1966, alitofautisha njia tatu za kulibeba wazo: kwa kutenda, kwa picha, kwa alama. Wengi tumelifahamu hili kama ruhusa ya kuleta zana darasani. Zana zinaletwa, watoto wanazichezea, zana zinafungwa, tarakimu zinaandikwa ubaoni, na hakuna anayejua kwamba vitu hivyo viwili ni kimoja. Uzi unaovishona ndio somo.

Uzi huo unashonwa hivi. Andaa vijiti 52: mafungu matano yaliyofungwa kwa mpira, vijiti kumi kila fungu, na viwili pembeni. Mtoto mwenyewe ayafunge. Fungu lililofungwa na mwalimu kwa mtoto ni kitu kimoja kinene, hajui kuna kumi ndani. Aandike 52 juu ya karatasi, 27 chini. Mwambie atoe vijiti saba. Hana. Usimwambie la kufanya. Wengi watafungua fungu wenyewe bila kuambiwa, kwa sababu mikono haina kanuni ya "toa ndogo kwenye kubwa". Hapo ndipo kijiti kinapoishinda tarakimu: huwezi kukitoa kijiti cha juu kwenye kijiti cha chini, kwa kuwa 27 haipo mezani. Mara tu mpira unapofunguliwa, kabla hajagusa kingine, kalamu ifanye jambo hilohilo: mkato kwenye 5, juu yake 4, karibu na 2 inaandikwa 12. Tendo moja, alama moja. Anatoa saba, anaandika 5. Anaondoa mafungu mawili, anaandika 2. Jibu ni 25.

Fanyeni sita za namna hiyo katika siku mbili. Siku ya tatu vijiti vibaki kwenye kasha, achore: mstari mrefu kwa kumi, nukta kwa moja. Akichora mistari kumi kwa kila fungu, bado haoni kumi kama kitu kimoja, mrudishe kwenye mipira. Siku ya nne au ya tano tarakimu peke yake. Anayekosa haadhibiwi kwa kunyimwa vijiti, na anayepata halazimishwi kuvitumia ili kumridhisha mkaguzi.

Akili ina meza ndogo

Sasa kuna mtoto ambaye ameelewa haya yote na bado anaandika 35 mara moja katika kila tatu. Piaget na Vygotsky hawatamsaidia sana huyu. Mwiteni George Miller, aliyeandika mwaka 1956 kwamba tunaweza kushika akilini kwa wakati mmoja kama vitu saba. Nelson Cowan alikadiria mwaka 2001 kwamba kwa watu wazima ni karibu vinne tu. Kwa mtoto ni pungufu zaidi.

Hesabuni anachobeba. Mbili haitoshi, chukua kumi, tano imekuwa nne, mbili imekuwa kumi na mbili, sasa kumi na mbili toa saba. Kama kwake 12 − 7 ni jambo la kuhesabu vidole kurudi nyuma, vidole vinajaza meza yote, na ile "tano imekuwa nne" inadondoka sakafuni. Anapomaliza kuhesabu amesahau alikuwa wapi, anaangukia njia ya zamani. Tatizo lake liko kwenye kutoa ndani ya 20. Dakika tano kila siku kwa wiki tatu, hesabu za aina ya 12 − 7, 15 − 8, 13 − 6 tu, hadi jibu lije bila vidole. Watu wanaodhani mazoezi ya kukariri ni adui wa kuelewa hawajamtazama mtoto huyu vizuri. Kilichokaririwa vizuri hakichukui nafasi mezani.

John Sweller alijenga juu ya msingi huo nadharia ya mzigo wa akili, na pamoja na Graham Cooper walionyesha mwaka 1985 kwamba wanaoanza aljebra hujifunza vizuri zaidi wakisoma mifano iliyofanywa kikamilifu kuliko wakiachwa wahangaike na maswali tupu. Kwa darasa letu: mfano wa kwanza umekamilika wote, mtoto anaeleza kila hatua kwa maneno. Wa pili umekosa hatua ya mwisho, aijaze. Wa tatu umekosa mbili za mwisho. Wa nne ni wake mwenyewe. Na maelezo yaandikwe pale pale hatua inapotokea. Mtoto anayelazimika kuangalia hesabu upande huu wa ubao na maelezo upande ule anatumia meza yake kubeba macho. Angalizo: yule aliyekwisha kujua, mifano hii humrudisha nyuma, kwa sababu analazimika kufuata njia ya mwingine wakati ana yake. Mpe maswali.

Kisha kuna kusahau. Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe akachapisha mwaka 1885: sehemu kubwa ya tulichojifunza hupotea mapema, na kurudia kwa vipindi huokoa kuliko kurudia kwa mkupuo. Hesabu ishirini siku moja na tano kwa siku nne ni jasho lilelile kwa mavuno tofauti. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo maandiko ya kusoma. Waliosoma mara ya pili walikumbuka zaidi baada ya dakika tano. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima kwa kuandika walichokumbuka walibaki na asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Kwa hiyo anzeni kipindi na maswali mawili ya wiki iliyopita, daftari likiwa limefungwa, bila alama. Bila alama, tafadhali. Ukishaliandikia maksi, linakuwa jaribio, na mtoto ataangalia kwa jirani.

Albert Bandura nitampa dakika moja. Jaribio lake la mwaka 1961 kwa watoto 72, lile la mwanasesere anayepigwa na mtu mzima mbele yao, lilionyesha kwamba watoto huiga wanachokiona hata kama wao wenyewe hawakutuzwa kitu. Darasani wanaiga namna tunavyokabili hesabu ngumu. Mwalimu anayefanya 52 − 27 ubaoni kwa mkono mmoja bila kusita anawaonyesha kitu wasichoweza kukiiga. Fanya kosa lao makusudi, kwa sauti: "Saba toa mbili, tano... ngoja. Ipi iko juu?" Wanachohitaji kukiiga ni hiyo "ngoja".

Mtaniuliza mbona sijataja mitindo ya ujifunzaji, yaani huyu ni wa kuona, yule wa kusikia, yule wa kugusa. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walipitia ushahidi uliopo, wakakuta hautoshi kuhalalisha kuwagawa watoto hivyo. Watoto wana wanavyopenda, hilo kweli. Lakini kumfundisha kwa anachokipenda hakujaonekana kumfanya ajue zaidi. Vijiti ni kwa ajili ya makumi na mamoja, kwa watoto wote. Muda mnaotumia kujaza madodoso ya mitindo utumieni kwa kile kipimo cha vidude 16.

Wiki ya tatu, huyo mtoto wetu akiwa anapata 52 − 27 bila vijiti, mpeni 402 − 157, mtazame bila kusema. Jibu ni 245, lakini kuna matatu mengine mtakayoyakuta. Akiandika 255, amechukua kwenye 4 akaipa 2, kisha katika makumi alipokuta 0 juu na 5 chini, ile kanuni ya zamani imerudi, huyo anahitaji sekunde za ukimya na swali la "ipi iko juu?" Akiandika 155, amechukua kwenye 4 mara mbili, na mia moja aliyoipeleka kwa mamoja ameihesabu kumi, mrudisheni kwenye vijiti, fungu kubwa la mafungu kumi, alifungue kwa mikono yake. Akiandika 345, ameigeuza 0 kuwa 9 kama alivyoona ubaoni, bila kupunguza 4. Huyo ameukariri mfano wetu vizuri sana, na mfano wenyewe ndio tunaopaswa kuurudia, hatua ya 4 kuwa 3 ikiachwa wazi aijaze yeye.